Ruzuku ya Mbolea: Mfuko Umefika, Udongo Bado

Ruzuku ya kilimo ni fedha ya umma inayoziba pengo kati ya gharama halisi ya pembejeo, yaani mbegu, mbolea, viuatilifu na zana, na bei ambayo mkulima anaimudu. Wakati mwingine huziba pengo jingine, lililopo kati ya bei ya soko na bei ambayo serikali imeamua mazao yanunuliwe. Ikielezwa hivyo huonekana kuwa suala la kihasibu tu, ila kila shilingi inayolipiwa kitu kimoja na kunyimwa kingine humwelekeza mkulima alime nini, alimie wapi na alime kwa namna gani. Tanzania, ambayo katika muda wa nusu karne imeweka ruzuku, ikaifuta, kisha ikairudisha kwa sura tatu tofauti, ni mahali panapofaa kulipima jambo hili, na hasa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ambako mahindi ni chakula, ni biashara na, kila baada ya miaka mitano, ni siasa.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Kwa utaratibu huo mkulima wa Sumbawanga au Songea alilipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lililofahamika zaidi kwa kifupi chake cha NMC, kiasi kile kile alicholipwa mkulima wa Morogoro aliye jirani na walaji wa Dar es Salaam, huku gharama ya malori na mafuta ikibebwa na shirika na, mwishowe, na hazina. Mbolea nayo ilipelekwa huko mbali kwa bei isiyotofautiana sana na ya karibu na bandari. Hakuna tangazo lililosema kwamba ramani ya kilimo inachorwa upya, lakini ndicho kilichotokea: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la taifa, ingawa Ruvuma na Rukwa zilijulikana enzi za ukoloni kwa kupeleka manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga kuliko kwa kuuza nafaka. Vijana ambao baba zao walisafiri kwenda kukata mkonge waliweza kubaki nyumbani na kujenga nyumba za bati kwa mahindi.

Ruzuku hiyo ilikuwa ya usafiri zaidi kuliko ya mbolea, na katika historia ya uchumi wa vijijini nchini ni vigumu kupata sera nyingine iliyogawa upya kipato cha mikoa kwa kiwango kile. Gharama yake ilikuwa kubwa vilevile. Madeni ya NMC yalirundikana, malipo ya wakulima yakachelewa, na sehemu ya mahindi ikaelekea kwa walanguzi waliolipa taslimu. Athari ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu ilikuwa shambani: mahindi yalipandwa juu ya mahindi, msimu baada ya msimu, ulezi na mikunde vikasogezwa pembeni, na mbinu za wenyeji za kuirutubisha ardhi zikaanza kuonekana kuwa kazi ya bure mbele ya mfuko wa mbolea uliokuwa rahisi kuupata.

Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza miaka ya 1980 yaliondoa utaratibu huo kipande kwa kipande. Bei moja ya mazao ilikwisha, na ruzuku ya mbolea, iliyokuwa asilimia 70 ya bei mwaka 1990/91, ilipunguzwa kila mwaka hadi ikafutwa kabisa kufikia mwaka 1994/95. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutegemea malighafi nyingi kutoka nje, kilisimama katika kipindi hicho hicho. Mkulima wa Rukwa alijikuta ghafla yuko mbali na kila kitu, kwa kuwa umbali ambao serikali ilikuwa ikiulipia sasa aliulipia yeye mara mbili: mara ya kwanza katika bei ya mfuko uliotoka Dar es Salaam, na mara ya pili katika makato ya mchuuzi aliyefuata mahindi kwa lori. Matumizi ya mbolea yakaporomoka, na mwaka 2003 serikali ikaanza kurudi nyuma kimyakimya kwa kugharimia usafirishaji wa mbolea kwenda mikoa ya kusini. Mwaka huo huo wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana mjini Maputo kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na mwaka 2006 mjini Abuja wakaweka lengo la kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo mwaka 2015, lengo ambalo nchi nyingi hazikulikaribia.

Sura ya pili ya ruzuku iliyorudishwa ilikuja kwa njia ya vocha, yaani hati inayompa mkulima haki ya kununua pembejeo kwa wakala binafsi kwa nusu ya bei, kisha wakala akafidiwa nusu ya pili kupitia benki. Mpango huo ulianza mwaka 2008 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ukalenga kaya zinazolima mahindi au mpunga katika eneo lisilozidi hekta moja, na ukazipa kila moja mfuko wa mbolea ya kupandia, mfuko wa mbolea ya kukuzia na mbegu bora za kutosha takriban ekari moja. Kaya ilipaswa kusaidiwa kwa misimu mitatu tu, baada ya hapo ijitegemee. Kwa nia, ulikuwa mpango makini kuliko uliotangulia, kwa sababu ulitaka kujenga mtandao wa maduka ya pembejeo vijijini badala ya kuugeuza mkono wa serikali kuwa duka, na katika hilo ulifanikiwa kwa kiasi cha kuonekana.

Udhaifu wake ulikuwa katika kuamua nani apewe. Kaya maskini kabisa haikuweza kupata hiyo nusu ya bei iliyotakiwa, na si ajabu kwamba vocha nyingine ziliuzwa kwa wakala kwa bei ya kutupa. Kamati za vijiji ndizo zilizoandaa majina, na utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa zilijipatia takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa, hali iliyokuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vyenye tofauti kubwa ya kipato. Ni haki kuongeza kwamba kiongozi wa kijiji naye ni mkulima, na mara nyingi ndiye mwenye uwezo wa kuitumia mbolea kwa tija. Lakini mpango ulioandikwa kwa ajili ya mkulima mdogo hauwezi kujitetea kwa hoja hiyo.

Sura ya tatu ilifunguliwa na vita vya Ukraine. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imekwisha kupanda mwaka 2021, na baada ya Februari 2022 mfuko wa kilo 50 wa yurea ulivuka shilingi 120,000 katika maduka ya Tanzania. Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha sherehe za Nanenane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoshusha bei ya yurea na ya DAP, ambayo ndiyo mbolea ya kupandia inayotumika zaidi, hadi shilingi 70,000 kwa mfuko, na shilingi bilioni 150 zikatengwa kwa kazi hiyo katika mwaka wa kwanza. Safari hii hakukuwa na kamati ya kuchuja majina, kwani kila mkulima aliyejiandikisha kwa mtendaji wa kijiji na kuingizwa katika daftari la kidijitali aliweza kununua kwa wakala aliyesajiliwa, kulingana na ukubwa wa shamba alilolitaja, huku Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania ikisimamia. Matumizi ya mbolea nchini, yaliyokuwa takriban tani 360,000 mwaka 2021/22, yalipanda hadi takriban tani 580,000 msimu uliofuata na kuvuka tani 800,000 mwaka 2023/24. Daftari lilipunguza upendeleo wa kamati, ingawa halikuondoa foleni kwa mawakala wachache, safari ndefu za kufuata mfuko mmoja mjini, wala mifuko inayofika mahindi yakiwa yamekwisha fika magotini.

Tani, hata hivyo, hupima kilichonunuliwa tu. Kilimo endelevu, kwa maana inayotumika hapa, ni kilimo kinachoiacha ardhi ikiwa na uwezo uleule au zaidi wa kuzalisha baada ya mavuno, na kinachomwachia mkulima faida ya kumrudisha shambani msimu unaofuata bila kuingia katika deni. Masharti hayo mawili hukutana ndani ya mfuko mmoja wa yurea. Mfuko wa kilo 50 una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Katika udongo wenye mboji ya kutosha, mboji ikiwa ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, kilo moja ya naitrojeni inaweza kuongeza kilo 20 za mahindi. Katika udongo uliochoka ni kilo 10, pengine chini ya hapo. Kwa mfano wa kukadiria, mahindi yakiuzwa kwa shilingi 500 kwa kilo, mfuko huo utaleta nyongeza ya shilingi 230,000 katika shamba la kwanza na shilingi 115,000 katika la pili. Kwa bei ya soko ya shilingi 125,000, mkulima wa udongo uliochoka amepata hasara. Kwa bei ya ruzuku ya shilingi 70,000 amebakiwa na shilingi 45,000, ambazo hazina imetoa shilingi 55,000 ili azipate. Bei ya mahindi ikishuka hadi shilingi 300, jambo la kawaida wakati wa mavuno, mkulima huyo hupoteza hata akiwa na ruzuku, ilhali yule wa udongo wenye afya bado anaingiza faida.

Hesabu hiyo ya makadirio ndiyo kiini cha jambo. Ruzuku inayoshusha bei ya mbolea bila kugusa uwezo wa udongo kuipokea hufunika hasara badala ya kuiondoa, na kadiri inavyoendelea ndivyo inavyozidi kuwa ghali kuiacha.

Tena mbolea zenyewe si nyenzo zisizo na madhara. Yurea, DAP na hasa salfati ya amonia hubeba naitrojeni katika umbo la amonia au linalogeuka kuwa amonia, na vijidudu vya udongoni vinapoigeuza kuwa naitreti, umbo ambalo mimea hulifyonza kwa urahisi, huachwa ayoni za haidrojeni zinazoongeza tindikali. Udongo ukichachuka na kipimo chake cha pH kushuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hufungwa isipatikane kwa mmea. Udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini, unaopata mvua nyingi zinazosafirisha madini kwenda chini, una tindikali kwa asili yake. Kuupa yurea peke yake kila mwaka bila chokaa wala samadi ni kuusukuma kuelekea pale ambapo hata mbolea itashindwa kuusaidia. Wakulima huliona hilo kwa macho yao wanaposema shamba limezoea mbolea na haliwezi tena bila hiyo, na ingawa maelezo yao si ya kimaabara, dalili wanayoitaja ni ya kweli.

Mpango wa vocha uligusa dawa ya sehemu ya tatizo hili karibu kwa bahati. Mkulima aliweza kuchukua mifuko miwili ya fosfeti ya Minjingu badala ya mfuko mmoja wa DAP. Minjingu ni mwamba wa fosfeti unaochimbwa mkoani Manyara, kando ya Ziwa Manyara, na una kalsiamu inayosaidia kupunguza tindikali; juu ya hayo ni mali ya nchi isiyohitaji fedha za kigeni. Wakulima wengi waliukataa. Ulikuwa ungaunga uliopeperushwa na upepo, haukuonyesha matokeo ya haraka kama DAP, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza kwamba udongo wa aina fulani huufaidi na wa aina nyingine hauufaidi. Baadaye ulitengenezwa kwa punje na kuchanganywa na virutubisho vingine, ila sifa mbaya ilikwisha kutangulia.

Jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni lile ambalo ruzuku haijawahi kuliona. Katika miteremko mikali ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo hulima kwa ngolo: nyasi zilizofyekwa hupangwa katika miraba, udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi hizo, na shimo linalobaki hukamata maji ya mvua yasiteremke na udongo. Maharage hutangulia, mahindi hufuata, na shamba la mteremko ambao mgeni angeogopa kuupanda limeendelea kulimwa kwa vizazi. Wafipa wa Rukwa nao wana matuta ya duara ambamo majani hufukiwa yaoze kabla ya kusambazwa msimu unaofuata. Mbinu zote mbili hutengeneza mboji ile ile ambayo hesabu ya hapo juu imeonyesha kuwa huongeza maradufu thamani ya mfuko wa yurea, na zote mbili hudai nguvu kazi nyingi, kwa kiasi kikubwa ya wanawake. Lakini kazi ya kuchimba ngolo haina risiti, haina mfuko wala namba ya wakala, kwa hiyo haina ruzuku. Na mfuko unaposhushwa bei huku jasho likibaki na bei yake, kijana wa Mbinga hahitaji kushauriwa na mtu ili aache kuchimba.

Hali inayofanana na hiyo ipo Mtwara na Lindi. Salfa, unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, imekuwa ikigawiwa kwa wakulima kwa bei nafuu au bure, na korosho ni zao lenye ushuru wa mauzo ya nje ambao kwa miaka mingi ndio uliogharimia pembejeo hizo. Bila salfa mavuno hushuka, na hilo halina ubishi. Hata hivyo tafiti za udongo katika ukanda huo zimekwisha onyesha kwamba salfa inayoanguka chini huongeza tindikali katika udongo wa kichanga usio na kinga kubwa, na chini ya mikorosho hiyo ndiko kaya nyingi hupanda muhogo, karanga na kunde za kula. Ruzuku ya zao la biashara inaweza hivyo kulitoza zao la chakula gharama bila mtu yeyote kukusudia.

Hoja hizi zisichukuliwe kuwa wito wa kuiacha mbolea ya viwandani. Sri Lanka ilijaribu njia hiyo mwaka 2021, ilipopiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali; mavuno ya mpunga na chai yaliporomoka, na kabla ya mwaka kwisha ililazimika kulegeza amri hiyo. India inatoa funzo la upande wa pili: tangu mwaka 2010 ruzuku ya mbolea nyingine ilifungwa kwa kiwango cha virutubisho huku yurea ikiachwa katika bei yake ya chini, na wakulima, kwa akili timamu kabisa, wakazidisha yurea na kupunguza fosforasi na potasiamu.

Kwa uchumi wa kijiji, swali la nani hufaidika haliishii kwa mwenye shamba. Mahindi yakiongezeka, kibarua wa palizi hupata siku zaidi za kazi, mwenye mashine ya kukoboa hupata wateja, na kaya isiyovuna ya kutosha, ambayo katika vijiji vingi ni nyingi kuliko inavyodhaniwa, hununua unga kwa bei ya chini. Faida hizi za pembeni pengine ndizo utetezi mkubwa wa ruzuku. Lakini bei ya chini ni msumari kwa yule yule aliyenunua mbolea. Katazo la kusafirisha mahindi ghafi nje ya nchi lililotangazwa Juni 2017 lilikuta maghala ya kusini yamejaa, na bei ikaanguka kiasi kwamba wengi walipunguza mbolea msimu uliofuata. Serikali ilitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine, na hakuna daftari la kidijitali linaloweza kurekebisha hilo.

Malawi, iliyoanza ruzuku kubwa mwaka 2005/06 baada ya njaa na kusifiwa duniani kote, ilifika mahali ambapo katika baadhi ya miaka mbolea na mbegu zilimeza zaidi ya nusu ya bajeti nzima ya kilimo, na utafiti, ugani na umwagiliaji vikabaki na makombo. Tanzania imejitahidi kukwepa mtego huo: bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, sehemu kubwa ikienda kwenye umwagiliaji, na maofisa ugani waligawiwa pikipiki pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Kiwanda cha Itracom kilichojengwa Nala, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na wawekezaji kutoka Burundi, kinachanganya malighafi za asili na virutubisho vya madini katika mfuko mmoja. Walau hapo mboji imepata umbo ambalo ruzuku inalitambua. Azimio la Nairobi la Mei 2024 kuhusu mbolea na afya ya udongo nalo limeviweka vitu hivyo viwili katika sentensi moja, jambo ambalo lile la Abuja halikufanya.

Kinachobaki ni chokaa ya kilimo, na hapo ugumu wa kiutendaji unaonekana waziwazi. Udongo uliochachuka sana unaweza kuhitaji tani moja au zaidi kwa ekari, yaani mifuko 20 ya kilo 50 kwa shamba linalopewa mifuko miwili ya mbolea, ijapokuwa dozi hiyo hudumu kwa misimu kadhaa. Mawe ya chokaa yapo Songwe, na kuyasaga si teknolojia ngeni. Gharama iko katika kuyafikisha Ludewa au Nkasi. Kushusha bei ya mfuko wa chokaa dukani kwa mtindo wa mwaka 2022 kutamsaidia kidogo mkulima ambaye nauli ya mzigo inazidi thamani ya mzigo. Ruzuku inayofaa hapa inafanana zaidi na ile ya mwaka 2003 iliyolipia lori, ikiunganishwa na daftari lililopo sasa, ambalo tayari lina jina la mkulima, kijiji chake na ukubwa wa shamba lake, na linalokosa safu moja tu, ya kipimo cha pH cha udongo wake.